Aliyenyimwa Bastola Aende kwa Nani?

Tumchukue mnunuzi wa dhahabu wa Kahama. Asubuhi anatoka mjini na fedha taslimu, anapanda bodaboda hadi kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji) na makarasha (mashine za kusaga mawe), ananunua gramu mbili hapa na tano pale. Jua likianza kushuka anarudi na mzigo unaoenea kwenye mfuko wa shati, lakini unaotosha kumfanya mtu auawe. Ameomba leseni ya kumiliki bastola. Barua ya mtendaji anayo, kikao kimekaa na muhtasari umeandikwa, alama za vidole zimechukuliwa polisi. Miezi inapita. Akiuliza, anaambiwa faili liko juu. Akiuliza tena, anaambiwa kamati haikuridhika. Haikuridhika na nini? Hilo halijaandikwa popote anapoweza kulisoma.

Mjadala wa silaha mikononi mwa raia huanzia kwenye swali la kama raia wawe nazo au wasiwe nazo. Sheria yetu ilishalijibu swali hilo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni, na leseni hiyo ni ruhusa yenye masharti, si haki ya kuzaliwa nayo. Nakubaliana na msimamo huo. Sioni jinsi Geita au Shinyanga zingekuwa salama zaidi kama kila mwenye duara angetembea na bastola kiunoni. Swali langu ni jingine. Mwenye mamlaka akikataa, na mwombaji akaona ameonewa, nani mwingine atalitazama jambo lile upya? Na kuna upande wa pili ambao karibu hautajwi kabisa: mwenye mamlaka akikubali, na mke wa mwombaji au jirani yake akawa na sababu ya kuogopa, yeye aende wapi?

Nitasema mapema ninachoamini ili msomaji asinitafute. Mlango wa rufaa ufunguliwe kwa wote wawili, na usiwe chini ya mkono wa yule aliyetoa uamuzi wa kwanza. Wananchi wa Geita na Shinyanga, ukanda huu wa dhahabu na almasi, wana kila sababu ya kuudai, na historia yao wenyewe inawapa haki ya kuudai kwa sauti kubwa kuliko watu wa mikoa mingi.

Tuitazame kwanza ngazi yenyewe. Utaratibu uliozoeleka unaanzia kwenye serikali ya mtaa au ya kijiji, ambako watu wanaomfahamu mwombaji wanatakiwa kusema kama ni mtu wa kuaminiwa. Unapanda kwenye kata, unafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, unakwenda mkoani, hadi kwa Msajili wa Silaha. Kwenye karatasi, hiki ni kichujio kizuri, kwa sababu kinaanzia pale mtu anapojulikana kwa tabia. Anayepiga watu akilewa, kijiji kinamjua. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba usiokwisha, kijiji kinamjua vilevile.

Kasoro inaonekana faili linapoanza kushuka. Kamati ya wilaya mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na mkuu wa polisi wa wilaya ni mjumbe. Kamati ya mkoa mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, na kamanda wa polisi wa mkoa ni mjumbe. Kamati hizi, zilizowekwa na Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya 2010, zimeundwa kushughulikia mambo ya siri ya usalama, na vikao vyao ni vya siri. Kwa hiyo ombi la mtu mmoja wa Nyarugusu au Maganzo linaamuliwa ndani ya chombo ambacho kwa asili yake hakitoi muhtasari kwa mtu wa nje. Anayetaka kulalamika karibu hana pengine pa kwenda ila kupanda ngazi ileile: kutoka wilayani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda makao makuu ya polisi, na mwisho kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye Jeshi la Polisi lote liko chini yake. Kila anayemfikia ni mkubwa wa yule aliyemnyima, na kila mmoja anasoma maelezo yaliyoandikwa na yule aliyemnyima.

Sisemi kwamba maofisa hawa wana nia mbaya. Tatizo naliona katika namna hatari inavyogawanyika. Ofisa akitoa leseni na mwenye leseni akaua, jina la ofisa linatafutwa siku hiyohiyo. Akikataa, na mwombaji akavamiwa na kuuawa njiani akitokea machimboni, hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na faili. Mtu yeyote mwenye akili, akiwekwa kwenye kiti hicho, atajifunza kukataa, au kunyamaza, ambako ni kukataa kusikoacha alama. Dawa yake si kumlaumu ofisa. Ni kumtaka aandike sababu, na kumweka mtu mwingine wa kuisoma.

Na hofu yake ina msingi. Mwishoni mwa Mei 2022, Buswelu wilayani Ilemela, jirani zetu kabisa, mwanamume alimuua mkewe kwa risasi za bastola nyumbani kwao, kisha naye akakutwa amekufa. Polisi walitaja wivu wa mapenzi. Kanda ya Ziwa nzima ililizungumza tukio hilo kwa wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa juu ya ndoa na fedha. Swali la nani alipaswa kumuuliza mke, kwa faragha, kabla ya silaha kuingia ndani ya nyumba, lilipita bila kukaa. Miaka mingi kabla ya hapo, Novemba 2006, marehemu Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, wakati huo mkuu wa mkoa wa Tabora, alishtakiwa kwa kumuua dereva wa daladala kwa bastola katika ugomvi wa barabarani jijini Dar es Salaam. Alifariki dunia 2008 kabla kesi yake haijafika mwisho. Nalitaja tukio hili kwa heshima ya waliofiwa pande zote mbili, na kwa sababu moja tu: mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa. Cheo hakithibitishi utulivu wa mtu, kwa anayeomba na kwa anayeamua.

Uingereza nayo ilipata somo kama hilo. Agosti 2021, katika mji wa Plymouth, kijana mmoja aliua watu watano kwa bunduki ambayo polisi walikuwa wamemnyang'anya baada ya tuhuma za kushambulia watu, kisha wakamrudishia wiki chache kabla. Uchunguzi uliofuata ulionyesha udhaifu mkubwa katika namna uamuzi ule ulivyofanywa. Nchi hiyo ina rufaa ya wazi: anayenyimwa leseni na mkuu wa polisi anaweza kwenda mahakamani. Lakini waliokuwa na sababu ya kuogopa hawakuwa na mlango kama huo.

Turudi Shinyanga, maana hapa ndipo jambo hili lina mizizi mirefu.

Katikati ya miaka ya 1970, mauaji na wizi wa mifugo vilipozidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilifanya operesheni ya kuwakamata watuhumiwa. Watu waliteswa mikononi mwa vyombo hivyo, na baadhi wakafa. Mambo yalipofichuka, Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu 1977, ingawa hakuwa ameamuru mateso wala hakuwapo yalipofanyika. Alikubali kwamba yaliyofanywa na walio chini yake yalikuwa mzigo wake. Watanzania wengi wanaikumbuka hadithi hiyo kama mfano wa uungwana wa Mzee Mwinyi, na ni haki. Lakini kwa mtu wa Shinyanga ina upande mwingine: watu wale hawakuwa na pa kulalamikia ila kwa walewale waliokuwa wakiwatesa. Habari zilipofika juu, baadhi yao walikuwa wameshakufa. Waziri alipata nafasi ya kuwajibika kwa sababu hapakuwa na chombo katikati ambacho kingezuia.

Kisha likaja jambo la pili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa, na wezi wa ng'ombe ambao zamani walikuja na fimbo na mikuki wakaanza kuja na bunduki za kivita. Polisi walikuwa wachache na mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Kahama na wilaya za jirani vikaanza kujipanga vyenyewe. Ndiyo Sungusungu, au Basalama kama wengine walivyojiita. Walikuwa na mtemi wao na katibu wao, pinde na mishale, na mwano: ukipigwa usiku, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na kufuata nyayo, na asiyetoka anajibu kwa nini. Mashauri yalisikilizwa kwenye dagashida, mkutano wa wazi chini ya mti, kila mtu akimwona mwenzake usoni.

Kwa maoni yangu hilo ndilo vuguvugu kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa na wananchi wa kawaida wa nchi hii kudai haki ya kujilinda. Hawakuandika waraka. Walifanya kwanza, wakashitakiwa, wakatetewa na wanasiasa waliouona wizi ukipungua, na mwishowe sheria ikawafuata: marekebisho ya sheria za mgambo ya 1989 yakawapa nafasi ya kisheria. Ukitaka kujua kama watu wa ukanda huu wanaweza kubadili sheria ya usalama kutokea chini, jibu liko hapo.

Lakini Sungusungu wana sura nyingine, na asiyeitaja hasemi ukweli wote. Mtuhumiwa aliyeadhibiwa na Sungusungu hakuwa na rufaa. Waliopigwa walipigwa, waliofukuzwa kijijini walifukuzwa, na katika nchi ambako vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa tuhuma za uchawi miaka nenda rudi, bibi aliyetajwa kwenye mkutano hakuwa na ofisi ya kukimbilia usiku ule. Uwazi wa dagashida ulikuwa wema mkubwa, ila uwazi bila chombo cha pili unaweza kuwa umati. Wakati kamati ya leo inaamua kwa siri, dagashida iliamua hadharani. Vyote viwili vimekosa kitu kimoja, nacho ni mtu mwingine wa kumwendea baada ya uamuzi.

Mfano wa tatu ni wa juzi, na unatoka Mwadui. Mgodi wa almasi uliofunguliwa na John Williamson mwaka 1940 umezungukwa na vijiji ambavyo vijana wake huingia kutafuta mchanga wa almasi. Wanaitwa wabeshi. Kwa miaka kadhaa wananchi walilalamika kwamba walinzi wa mgodi, wenye silaha zilizo halali kabisa kwenye makaratasi, waliwapiga risasi, waliwapiga virungu na kuwafungia. Malalamiko yao hayakwenda mbali hapa nyumbani. Yalikwenda mbali yalipofika London: Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, bila kukiri hatia kisheria, na ikaahidi kuanzisha utaratibu huru wa kusikiliza malalamiko ya wengine. Utaratibu ulipofunguliwa, watu walijitokeza kwa wingi. Walikuwa wamekaa na vidonda vyao miaka yote hiyo, wakisubiri meza ya kupelekea.

Fundisho la Mwadui kwa mada yetu ni hili: leseni ya silaha si jambo kati ya serikali na mwenye silaha peke yao. Kuna mtu wa tatu, anayekutana na mdomo wa bunduki. Sheria ya leseni inayomsahau yeye haijakamilika, hata ikiwa kali kiasi gani kwa mwombaji.

Sasa, sheria inasema nini kuhusu rufaa? Inasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Chombo kingine chochote. Maneno hayo hayakuishia mahakamani. Mwaka 1996, katika shauri la Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, Jaji Samatta wa Mahakama Kuu alieleza kwamba mwenye mamlaka ya kuamua juu ya mtu anatakiwa kutoa sababu, hata pale sheria husika isipomtamkia wajibu huo waziwazi. Bila sababu, alionyesha, haki ya kupinga uamuzi inabaki kuwa maneno matupu. Hoja hiyo ilitolewa katika mgogoro wa kazi, lakini sioni kwa nini isimfae mnunuzi wetu wa Kahama.

Kwa hiyo mlango wa mahakama upo. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kufanya mapitio ya uamuzi wa kiutawala: inaweza kuufuta, na inaweza kumwamuru ofisa aliyekalia faili atimize wajibu wake. Haimpi mtu bastola. Inauliza tu kama utaratibu ulifuatwa, kama mtu alisikilizwa, kama sababu ni za haki. Hata hivyo kwanza uombe kibali cha kufungua shauri, na ombi hilo lifike ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Uwe na wakili. Uwe na fedha za kumlipa. Mwenye mtaji wa kununulia dhahabu anaweza. Wakala wa fedha za simu pale Katoro, anayefunga kibanda saa tatu usiku na droo imejaa, hawezi.

Na anayetaka kusimama kwa niaba ya wengi amewekewa kizingiti kipya. Kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya 1993 ilikuwa imefungua njia kwa raia kwenda mahakamani kutetea Katiba kwa ajili ya umma, hata kama yeye binafsi hajaumia kuliko wengine. Marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yaliibana njia hiyo: anayefungua shauri anatakiwa aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Maana yake kwa jambo letu ni kwamba chama cha wachimbaji hakiwezi kwa urahisi kwenda mahakamani kupinga utaratibu mzima. Kinahitaji mtu mmoja aliyenyimwa, mwenye ushahidi kwamba amenyimwa, aliye tayari jina lake lisomwe. Watu wa aina hiyo wamekuwapo. Kukutia Ole Pumbun na mwenzake walipigania hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1993 sharti la kuomba ridhaa ya serikali kabla ya kuishitaki serikali likatupwa kwa kuwa lilipingana na Katiba. Kabla yao, ulimwomba unayetaka kumshitaki akuruhusu umshitaki.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali, na sitazikalia zote. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, lakini kinachofaa zaidi kuigwa ni ibara ya 47 ya Katiba yake ya 2010 pamoja na Sheria ya Haki katika Uamuzi wa Kiutawala ya 2015. Kwa sheria hizo mbili, mtu anayeathirika na uamuzi wa ofisa yeyote ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hakuna haja ya kupigana upya kwa kila aina ya leseni. Sisi hatuna sheria kama hiyo, na kuipata kungemsaidia mwombaji wa leseni ya baa kama ambavyo kungemsaidia mwombaji wa bastola.

Afrika Kusini ina Bodi ya Rufaa ya Silaha, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2000, na aliyenyimwa ana siku 90 za kuifikia. Kule vyama vya wamiliki wa silaha vina nguvu. Serikali ilipochapisha rasimu ya 2021 iliyotaka kuondoa kujilinda kama sababu ya kupewa leseni, maoni ya wananchi yalimiminika kwa maelfu kwa maelfu. Jimbo la Maryland, Marekani, lilikuwa na bodi ya raia watano waliosikiliza rufaa za waliokataliwa kibali cha kubeba bastola na polisi wa jimbo. Wapinzani waliona bodi inawalegezea waombaji mno, na 2020 kazi hiyo ikahamishiwa kwa majaji wa mashauri ya kiutawala. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka New York, ikaondoa kabisa mamlaka ya majimbo kumtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba silaha. Huko ndiko nisikotaka twende. Lakini ubishi wa Maryland una faida kwetu: pande zote mbili zilijua nani aliamua, na kwa nini, kwa hiyo ziliweza kubishana.

Canada ina kitu kingine ambacho naona ni bora kuliko vyote. Mwombaji wa leseni ya silaha anatakiwa kutaja mwenzi wake wa sasa na waliopita karibuni, na wenzi hao hujulishwa ombi linapopelekwa. Wanaweza kusema neno kabla ya uamuzi. Ingekuwa hapa, mke aulizwe na askari wa dawati la jinsia, peke yake, mbali na mume na mbali na mashemeji. Kikao cha kijiji hakitoshi kwa jambo hilo. Mwanamke wa Bukombe au Msalala hatasimama mbele ya wanaume wa mtaa wake kusema mumewe humpiga, kisha arudi naye nyumbani jioni.

Nani audai mlango huu wa rufaa hapa kwetu? Shirikisho la wachimbaji, FEMATA, na vyama vya mikoa vya wachimbaji vina sauti, na vimeshaonyesha kwamba vinasikilizwa. Januari 2019 wachimbaji wadogo walikutana na Rais John Magufuli Dar es Salaam wakalalamikia kodi, na ndani ya muda mfupi Bunge likaondoa kodi ya zuio na ile ya ongezeko la thamani kwa wachimbaji wadogo, kisha masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, Machi 2019. Hatua ile imefanya mengi kwa usalama kuliko bastola elfu. Dhahabu inauzwa ndani ya jengo lenye ulinzi, bei iko ubaoni, benki iko jirani. Pale fedha inapopita kwenye akaunti badala ya kwenye begi, sababu ya kuomba bastola inapungua yenyewe. Hatari imebaki kwenye barabara ya vumbi kati ya duara na soko, na huko vyama vingedai kwanza vituo vya kununulia vilivyo karibu na doria za polisi siku za mauzo, kabla ya kudai leseni.

Hofu yangu ni kwamba vyama hivi vikisimama peke yao vitadai rufaa ya mwenye mali tu. Ndiyo maana chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na watetezi wa vikongwe na wa watu wenye ualbino wanatakiwa wawe mezani tangu siku ya kwanza. Watu wanaoishi kwa hofu kubwa zaidi katika mikoa hii hawajawahi kujaza fomu ya bastola. Bei ya silaha peke yake, ambayo ni ya mamilioni, inawaweka nje. Ukiwaingiza kwenye mjadala, mjadala wenyewe unabadilika: rufaa inakuwa njia ya mtu yeyote aliyeguswa na silaha halali kusikilizwa na mtu asiye na upande.

Mazingira hayajafungwa. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilizunguka nchi nzima ikasikiliza watu juu ya polisi, mahakama na magereza, na imeweka wazi kwamba vyombo hivi vinaweza kuzungumzwa hadharani bila mtu kuonekana adui wa usalama. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko dhidi ya maofisa bila ada ya wakili. Haiwezi kufuta uamuzi, lakini inaweza kuandika na kuuliza, na ofisi ikiulizwa kwa maandishi hulazimika kutafuta faili.

Wapo watakaosema kwamba kuulegeza mlango wa rufaa ni kuwafungulia majambazi. Jambazi haombi leseni. Anakodi bunduki ya kivita, au anatengenezewa gobore. Na sheria kwake ni kali mno tayari: tangu marekebisho ya 2016, kupatikana na silaha bila leseni kunaangukia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, ambako kifungo hakipungui miaka 20. Mkulima aliyerithi gobore la baba yake la kufukuzia nguruwe na ngedere shambani yuko kwenye hatari hiyohiyo, na mara kwa mara polisi hutoa muda wa msamaha ili silaha za namna hiyo zisalimishwe. Njia halali ikiwa haina majibu, baadhi ya watu hawatasalimisha. Rufaa inayofanya kazi inamrudisha mtu wa namna hiyo upande wa sheria.

Cha kudai kwanza hakihitaji sheria mpya wala fedha za bajeti. Ni barua. Kila ombi lijibiwe kwa barua yenye tarehe, sababu, jina na cheo cha aliyeamua, ndani ya muda unaojulikana, na nakala ibaki kwa mwombaji. Taarifa za kiintelijensia zinazoweza kumhatarisha mtoa habari zifichwe, lakini kiini cha sababu kisemwe: una kesi, una ugomvi, hukuonyesha haja, mafunzo yako hayatoshi. Na aliyepeleka hofu yake, awe mke au jirani, naye apewe barua yake kwa siri, inayomwambia kwamba amesikilizwa na nini kimeamuliwa. Chombo cha rufaa chenye hakimu na raia wawili watatu wasio wa vyombo vya usalama kinaweza kuja baadaye, kwa marekebisho ya sheria ya 2015, na wabunge wa Geita na Shinyanga wanaweza kukipeleka. Lakini bila barua hata chombo hicho kitakosa cha kusikiliza. Ile miezi sita ya kwenda Mahakama Kuu inahesabiwa tangu siku ya uamuzi, na mnunuzi wetu wa Kahama, aliyeambiwa kwa mdomo kaunta kwamba kamati haikuridhika, hana tarehe ya kuanzia kuhesabu.